Kakuuma Nani, Wapi, Saa Ngapi?

Mchirizi ulianzia kwenye kiwiko cha mwanangu ukateremka mpaka karibu na kiganja, mwembamba juu, mpana chini, kama maji ya mvua yanavyoacha alama kwenye ukuta wa udongo. Ulikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Pembeni yake kulikuwa na mingine miwili mifupi, na pale yote mitatu ilipoanzia palikuwa na malengelenge manne yaliyojaa maji, yanang'aa. Tumaini alikuwa na miaka sita. Mambo hayo yote niliyafanya mimi mama yake, kwa ndimu moja niliyoikata katikati.

Tulikuwa tumerudi kutoka Ubaruku, bondeni Usangu kunakolimwa mpunga. Mimi nanunua mpunga kule Usangu na kuuza mchele huku Uyole, Mbeya, na safari ile sikuwa na wa kumwachia mtoto, nikaenda naye tukalala kwa wifi yangu siku mbili. Alirudi na vipele mikono yote miwili, anajikuna mpaka panatoka damu. Tangu utoto nilikuwa nasikia kwamba ndimu inakata mwasho. Nikampaka, kisha nikakamua iliyobaki juu ya kiwiko palipokuwa na vipele vingi, maji yakachuruzika mkono mzima. Akasema, "Mama, inauma." Nikamjibu, "Vumilia mwanangu, ndiyo dawa hiyo."

Saa nne asubuhi akatoka kwenda kucheza na wenzake. Wanaoishi Mbeya wanalijua jua la Januari mvua ikipumzika: kivulini unatafuta sweta, lakini ukisimama uwanjani dakika chache utosi unawaka. Tuko juu huku, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na jua linatufikia na makali yake yote. Usiku ule Tumaini alilala vizuri. Kesho yake mkono ukawa mwekundu kwa mistari. Siku iliyofuata yakatoka malengelenge, nikambeba mbio mpaka zahanati nikidhani ni ugonjwa wa ngozi aliouokota Usangu.

Muuguzi, mama wa makamo, aliushika ule mkono akaugeuza mara mbili dirishani. Hakuuliza habari za Usangu. Aliuliza, "Mama Tumaini, umempaka nini mtoto?"

"Ndimu."

"Halafu akaenda juani?"

Nikanyamaza. Akanieleza polepole, bila kunigombeza, kwamba maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha jua likapiga, yanaunguza. Hayachomi palepale. Yanangoja siku moja au mbili ndipo ngozi inajivua na kuweka madoa. Hata watu wazima wanaokamua ndimu nyingi na kukaa nje bila kunawa yanawapata. Aliniambia nisitoboe malengelenge, nimkandamizie kitambaa cha maji baridi, nimvishe mikono mirefu akitoka. Yale malengelenge yalikauka ndani ya wiki mbili. Michirizi ilibaki. Pasaka ya mwaka ule ilipita bado ipo, kila nikimwogesha nikawa naiona.

Kilichonichoma zaidi moyoni ni kwamba nililelewa na mtu ambaye asingefanya kosa lile.

Bibi mzaa mama aliishi Rungwe, upande wa bondeni, si mbali na Mto Mbaka. Wajukuu tukimkimbilia na kuvimba popote, alikuwa hatoi dawa kwanza. Anakaa kwenye kigoda, anauvuta mguu wako mapajani pake, anauinamia mpaka pumzi yake unaisikia kwenye ngozi, kisha anauliza maswali yaleyale: "Kakuuma nani? Wapi? Saa ngapi?" Ukijibu "sijui" anakurudisha ukafikirie. Ulikuwa umekaa wapi? Umetoka mtoni au umetoka bandani kwa mbuzi? Jua lilikuwa limezama? Tulikuwa tunaona anatuchelewesha. Leo naelewa kwamba matibabu yake yote yalikuwa yameanza pale pale kwenye maswali.

Kwa mfano usubi. Ni kijinzi cheusi, kidogo kuliko nzi wa nyumbani, mgongo wake umebinuka kama una nundu. Kinaishi kandokando ya mito yenye maji ya kasi yanayopiga mawe, na Rungwe mito ya namna hiyo ndiyo yetu. Kinauma mchana, hasa asubuhi na kuelekea jioni, na kinapenda miguu. Mbu anakudunga kwa sindano hata usihisi. Usubi unakwangua ngozi, ukiondoka unaacha kitone cha damu katikati ya uvimbe, na mwasho wake unaweza kukufuata siku nyingi. Bibi akiona kile kitone cha damu alikuwa hana haja ya kuendelea kuuliza. Dawa yake ilikuwa maji ya mtungi na sabuni, kisha anatukata kucha. Na kinga yake ilikuwa nguo: hakuna msichana aliyekwenda mtoni bila kufunga khanga mpaka kwenye vifundo vya miguu, na juu ya nyayo anatupaka mawese ya Kyela mazito mazito.

Alikuwa na sababu. Kule kwetu walikuwapo wazee walioongozwa na watoto kwa fimbo, macho yamekwisha. Usubi ukiuma mara nyingi kwa miaka mingi unaweza kuingiza minyoo midogo mwilini, ngozi inawasha kama inaungua, na mwisho wake macho. Baadaye, nikiwa mkubwa, wakaanza kuja wagawaji wa dawa na fimbo ndefu yenye alama. Unasimama wima kando ya fimbo, kimo chako kinasema umeze vidonge vingapi. Watu wengine walikuwa wanakimbilia mashambani wakiwaona. Wewe ambaye uko Rungwe, Busokelo au Ileje, dawa zile zikifika kijijini kwenu meza. Hakuna jani la kufanya kazi ile.

Nimejizoeza upya yale maswali matatu, na nashangaa jinsi ngozi inavyosema ukiisikiliza. Vipele vitatu au vinne vimejipanga mstari mmoja, begani au shingoni, umeamka navyo: hao ni kunguni, na hata ujipake nini, wanakungoja kitandani. Toa godoro juani, mwagia chaga maji yaliyochemka, chemsha mashuka. Vipele vidogo vingi kuzunguka kifundo cha mguu na muundi, ndani kuna paka au mbwa: viroboto. Jipu moja lenye tundu dogo katikati, na ukilitazama kwa utulivu linacheza: yule ni funza wa nzi anayetaga kwenye nguo mbichi. Tukuyu, kulekule Rungwe, mvua haikatiki, nguo zinashinda kwenye majani au uani hazikauki, nzi anapata pa kutagia, na ukivaa, kale kafunza kanaingia kwenye ngozi. Kinga yake ni pasi ya moto pande zote mbili, na kwenye mishono usiipitie haraka, maana ndiko mayai yanakojificha. Bibi alikuwa anapiga pasi ya mkaa hadi nepi za watoto wachanga, majirani wakasema anajiona mzungu.

Halafu kuna yule wa mvua za Desemba na Januari, mwembamba kama punje ya mchele, mwekundu na mweusi mistari mistari, anayefuata taa. Wengi wanamwita nairobi flai. Huyu haumi kabisa. Anatembea tu shingoni, wewe unampiga kofi, na yale maji ya mwilini mwake yanakuunguza. Kidonda kinajitokeza kesho yake, na mara nyingine kinaonekana mara mbili pale ngozi inapokunjana, kwenye kiwiko au nyuma ya goti, kama kimepigwa muhuri. Sasa mtu anaamka na kidonda kile anasema nimeumwa na mbu, anapaka ndimu, anapaka dawa ya meno, anazidi kujichoma. Ukimwona mpulize aondoke. Kama umeshamponda, sabuni na maji mengi hapohapo, na usijishike machoni kabla hujanawa. Kuzima taa ya nje mapema kumetusaidia kuliko chochote.

Tumaini yeye aliumwa na mbu, hilo halikuwa na fumbo. Anayejua Ubaruku mwezi wa kwanza atanielewa. Majaruba yamejaa maji mpaka upeo wa macho, watu wanapandikiza mpunga, na jua likizama tu unasikia mlio. Mbu anahitaji wiki moja mpaka mbili tangu yai mpaka aruke, na maji ya jaruba yanakaa kuliko hapo. Huwezi kuwamaliza kwa kumwaga ndoo. Lakini za nyumbani unaweza: tairi, makopo, pipa lisilofunikwa, kifuniko cha chupa kilicholala chali. Wifi yangu alikuwa na pipa la kunyweshea ng'ombe nyuma ya nyumba. Nikachungulia nikaona viluwiluwi vinajipinda pinda juu ya maji, vingi kama vitunguu vilivyokatwakatwa. Sasa analimwaga na kulisugua kila Jumamosi, maana mayai ya mbu wengine yanashika ukutani mwa chombo, kumwaga peke yake hakutoshi.

Kwake ndiko nilikoanza kujaribu majani kwa makini, safari hii nikiuliza kila kitu kabla ya kukiweka kwenye ngozi. Kivumbasi kinaota chenyewe kandokando ya njia, na wengi wanapanda chungu mlangoni wakidhani mbu watageuka. Nilikaa nacho barazani jioni nzima. Kikiwa kimetulia kwenye chungu chake hakina habari na mbu. Ukichukua majani ukayafikicha viganjani mpaka yatoe maji, ukajipaka miguuni, ndipo unaona tofauti: mbu anakuja, anazunguka, anatua kwa jirani. Lakini harufu inachoka. Nilitazama saa ya simu, na kabla taarifa ya habari ya saa mbili haijaisha walikuwa wamesharudi.

Tangu hapo natengeneza mafuta, na watu wanaponiuliza nawaeleza hivi. Nachukua kikombe cha mafuta ya nazi. Mashina matano ya mchaichai nayaponda kwa mchi mpaka yawe nyuzi, ili harufu itoke. Nachanganya na konzi ya kivumbasi kilichonyauka siku moja, maana kibichi kina maji na mafuta yataoza. Bakuli naliweka juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, kwa saa moja. Moja kwa moja kwenye jiko yanaungua na kunuka kama kaukau. Nachuja kwa kitambaa, naweka kwenye chupa kavu. Kwanza napaka tone ndani ya kiwiko, nalala nalo. Nikiamka hakuna wekundu, natumia. Huku Uyole Juni na Julai yanaganda chupani, usishtuke, yaweke kwapani kidogo.

Mafuta haya nayapaka kila baada ya saa moja tukikaa nje, siyapaki kwenye kidonda wala karibu na macho, na mtoto mchanga simpaki. Yeye anakaa ndani ya neti. Yale mafuta makali ya dukani, ya mkaratusi au ya mchaichai, hayapakwi matupu hata kwa mtu mzima. Matone machache kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya kula yanatosha. Mkaratusi nao una aina. Ule wenye harufu ya limau ndio unaotolewa dawa ya kufukuza mbu inayokubalika kitaalamu, na hata hiyo watoto chini ya miaka mitatu hawapakwi. Ile mikaratusi mingine, inayopandwa kwa nguzo na kuni, kuchoma majani yake kunajaza nyumba moshi na kifua kikohozi.

Nikiongelea moshi lazima nifike Ilembo, Umalila, nyumbani kwa mama mkwe wangu.

Ukipanda kutoka Mbalizi kwenda Ilembo unahisi hewa inabadilika. Baridi inaingia kwenye mikono ya shati, na mashamba yanakuwa meupe. Hayo ni maua ya pareto, meupe pembeni, njano katikati. Pareto inataka ubaridi ili itoe maua, ndiyo maana imekubali Umalila, Uporoto, Makete na juu huko, na bondeni haistawi. Mama anachuma kwa mkono, kikapu kimefungwa kiunoni, vidole viwili chini ya ua, anakata kwa ukucha wa dole gumba. Anachagua yale ambayo njano ya katikati imechanua safu kadhaa. Likiwa changa halina nguvu, likipitiliza zimepungua. Anarudi kwenye mistari ileile kila baada ya wiki mbili hivi. Sumu ya wadudu imo ndani ya lile ua, kwenye vijimbegu vya katikati hasa. Majani na shina ni kama bure.

Mara ya kwanza nilipolala pale kama mkwe, nilistaajabu: nyumba ina mifugo, ina maharage gunia kwa gunia, na sikuumwa na kiroboto hata kimoja. Asubuhi nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, kisha akanionyesha. Alikuwa anasaga maua makavu kwa jiwe, unga wake anaunyunyiza kwenye ufa wa ukuta, chini ya chaga, kwenye kona walikolala kuku. Mdudu akiukanyaga anatetemeka, anaanguka chali. Inamshika kwenye mishipa ya fahamu. Sisi binadamu mwili wetu unaivunja haraka, ndiyo maana imetumika miaka yote hiyo bila kutudhuru kama sumu nyingine.

Lakini mama hakuniacha niipende kijinga. Alifunika pua na mdomo kwa mtandio wakati wa kusaga, akaniambia nikae upande upepo unakotoka. Yeye mwenyewe mikono yake ilikuwa na ukurutu kati ya vidole, wa miaka ya kuchuma. Wako watu pareto inawapiga chafya, inawatoa vipele, na mwenye pumu anaweza kubanwa. Mume wangu ana pumu. Siku moja baba mkwe alichoma maua kwenye kigae ndani ya chumba ili kufukuza mbu waliopanda na joto la Novemba, na mume wangu akatoka nje usiku anavuta pumzi kwa shida, tumemshika huku na huku mpaka alipopata dawa yake ya kuvuta. Tangu siku ile kwetu hakichomwi kitu chumbani tunamolala, iwe pareto, mavi ya ng'ombe, maganda ya machungwa au dawa ya mbu ya kuzunguka. Kinachomwa barazani, mlango umefungwa, sisi tukiwa nje upande wa pili wa moshi. Unga wa pareto hauendi kwenye ngozi ya mtu wala kwenye maji yenye samaki. Samaki wanakufa upesi sana.

Kitu kingine nilichokijua kwa mama ni uhasama kati ya pareto na jua. Anayakausha maua kwenye majamvi, ila akishaona yamekatika ukiyavunja, anayaondoa juani mara moja na kuyafungia kwenye gunia gizani. "Jua linakula dawa," anasema. Siku nyingine niko Ubaruku, naona wifi amefua neti na kuianika kwenye kamba, jua la saa saba, nikakumbuka yale maneno. Dawa iliyopo kwenye neti zetu ilitengenezwa viwandani kwa kufuata mfano wa dawa iliyo kwenye ua hilohilo, ikafanywa idumu zaidi. Lakini jua kali na sabuni za kuchubua bado zinaimaliza kabla ya wakati. Neti inafuliwa kwa sabuni ya kipande ya kawaida, kwenye beseni, taratibu, na kuanikwa kivulini. Maji yake yanamwagwa shimoni, mbali na mto na mfereji, kwa sababu ileile ya samaki. Wifi aliniambia ameishi miaka kumi anafulia neti mferejini na hakuna aliyemwambia.

Na niseme wazi, kwa kuwa najua wapo wanaosoma haya wakitafuta njia ya kuacha neti: mbu wa malaria anauma usiku, tena usiku wa manane mara nyingi, wakati mafuta yako ya mchaichai yameshakauka zamani. Mafuta ni ya kuanzia jua kuzama mpaka kuingia kitandani. Baada ya hapo ni neti, imechomekwa chini ya godoro pande zote. Sisi wa milimani tunaposhuka Kyela au Usangu ndio tunaoumia zaidi, maana miili yetu haijazoea malaria kama wenyeji. Ukirudi nyumbani, ukapata homa hata wiki mbili au tatu baadaye, mwambie mhudumu umetoka wapi na upimwe. Kikipatikana kimelea, meza dozi mpaka mwisho. Pale hakuna ndimu wala jani.

Sasa mtu ameshaumwa, ngozi inawaka, afanyeje? Huku kwetu dawa ya kwanza inatoka bombani bure. Maji ya Mbeya yana ubaridi wa kutosha kukata mwasho. Nanawisha na sabuni, nachovya kitambaa, nakamua, naweka juu ya uvimbe, na hapo nawalazimisha watoto wahesabu polepole mpaka mia, mara tatu, ndipo nakichovya tena. Kama nimepika chai nyingi, naiacha ipoe kabisa, natumia ile ile bila sukari kuchovyea kitambaa. Majani ya chai ya Rungwe yana ukakasi, na ukakasi ule unaituliza ngozi iliyovimba. Yanaacha doa kwenye nguo, vaa ya zamani.

Kucha nakata zote, mikono yote. Mara nyingi kidonda kinachomtesa mtoto hakikuletwa na mbu, kimeletwa na uchafu chini ya ukucha. Wakati wa kulala, mdogo wake Tumaini namvisha soksi mikononi.

Mshubiri ninao uani kwenye debe. Nakata jani la chini, nalisimamisha kwenye kikombe dakika kumi ili yale maji ya njano yatoke yote, kwa kuwa hayo ndiyo yanayowasha. Kisha namenya, nachukua ile nyama inayoteleza, nyeupe kama kioo, nasafisha na kupaka. Ubaridi wake unaingia mpaka ndani. Ile mishubiri ya porini yenye madoa siitumii, aina ni nyingi na sizijui zote. Kama kipele kimeshakunwa kikawa kidonda kidogo, napaka asali safi, kidogo sana, nafunika kwa kitambaa ili isivute sisimizi.

Kuna vitu nimevifukuza nyumbani. Ndimu, bila shaka. Dawa ya meno, inayopoza dakika tano kisha inakausha ngozi mpaka inapasuka. Mafuta ya taa, ambayo wengine wanawapaka watoto miguuni dhidi ya funza na viroboto. Yanachubua ngozi na moto ukiwa karibu ni hatari nyingine. Kitunguu, jirani yangu mmoja ananiapia kinamsaidia, basi amsugue mwanawe, mimi nimeacha.

Nyuki ndiye pekee ambaye hatuulizi maswali. Shemeji yangu Ilembo anaurina mzinga kila mwaka, na aliwafundisha wanangu kwamba mwiba wa nyuki unaendelea kusukuma sumu ukiwa umebaki kwenye ngozi, hivyo uondoe kwanza, upesi, kwa ukucha, mengine baadaye. Kisha baridi. Ila mtu akianza kuvimba midomo au ulimi, akatoka mabaka mwili mzima, akahema kwa taabu au kuona kizunguzungu, weka kila kitu chini mtafute usafiri wa hospitali wakati huohuo. Vivyo hivyo kwa kuumwa kokote ambako wekundu unapanda siku hadi siku, panatoa usaha, au homa inaingia.

Tumaini ana miaka kumi na moja sasa. Mkono wake ni msafi, hata mimi nikiutafuta mchirizi siuoni. Mwaka huu mvua zimeanza wiki ya pili ya Novemba, na Jumatatu nashuka Ubaruku, safari hii naye, shule zikiwa zimefungwa. Chupa ya mafuta imejaa. Shati lake la mikono mirefu nimelikunja juu kabisa ya begi, la rangi ya maziwa, kwa kuwa nguo nyeusi inawaita mbu. Neti yetu ya safari niliifua asubuhi, ipo chini ya mparachichi, na kila jua likisogea yeye anatoka kwenda kuivuta irudi kivulini.